Si Mimi Niliyehama

Bwana wa maegeshoni, faini nimeiona,
Mmebana kiooni, umande waitafuna,
Nusu laki mfukoni, hata robo yake sina.
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

Chikongola ndiko kwangu, nyumba ya nyuma ya soko,
Humo nimezaa wangu, watano kando ya jiko,
Kirikuu ya mwenzangu, imeshaota ukoko.
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

Ilibeba magunia, korosho toka Nanyamba,
Honi ikiwaitia, watoto nje ya nyumba,
Leo kuku atamia, kwenye kiti, kama chumba.
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

Yule wenu mkaguzi, kapita na pikipiki,
Kaandika waziwazi, "Mkazi hatambuliki."
Mwulizeni mchuuzi, kama mimi sijuliki!
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

Tumelipa kila mwaka, bila ya kusukumiwa,
Stakabadhi naziweka, kwenye kopo la kahawa,
Moja panya kaipoka, nane zingali zi sawa.
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

Mfaume kunitoka, ilikuwa Ramadhani,
Kaniki nikajivika, nikaingia edani,
Minne na kumi kufika, sikuvuka mlangoni.
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

Usiku nilisikia, injini, nikaamka,
Kitandani natulia, naye mtu hakufika,
Kumbe lori lapitia, saruji limejitwika.
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

Nje huko siku zenda, mikorosho ikatunga,
Kibali kwenye kalenda, mwisho wake ukagonga,
Wa eda, bwana, hukwenda, foleni akajipanga?
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

Mwasema mlinijuza, ujumbe ndani ya simu,
Tazama mliyojaza: ni namba ya marehemu!
Sandukuni, kwenye giza, yalala bila fahamu.
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

Juzi nimetoka eda, nikaja kwenu mezani,
Yule kijana Dauda, kaniambia usoni:
"Mfumo hauna muda, wa hadithi za nyumbani."
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

"Fomu hii, mama, ije, na sahihi ya mwenyewe,
Mwenye kibali na aje, rufaa ipokelewe."
Nikasema, "Nimwiteje, aliyefunikwa mawe?"
Kibali kimekatika, ni yeye aliyehama.

Vidole vikasimama, vilivyokuwa vyacheza,
Nyuma foleni yahema, feni moja yajikaza,
"Samahani sana, mama," sauti akapunguza.
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

Cheti cha kifo mezani, na bili zangu za maji,
Barua ya mtaani, muhuri wa mtendaji,
Na picha yake garini, isiyokuwa hitaji.
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

Akaondoka na lundo, mlango ukafungika,
Nikahesabu vishindo, viatu vikizunguka,
Karudi, na kwenye pindo, "Imefutwa" kaandika.
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

"Lakini kibali hiki, hakifufuki," kasema,
"Jina hili halibaki, andika la kwako, mama."
Kalamu haishikiki, mkono ukanigoma.
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

Faini nimeishinda, mbona sikushangilia?
Kulipa ningelipenda, jina lake kusalia.
Somoe: mkono wenda, herufi nikazitia.
Kibali kimekatika, si mimi niliyehama.

Kipya nimekibandika, cha kale sikubandua,
Viwili vimeshikika, kioo chapigwa jua,
Kuku ndani hakutoka, nami sikumsumbua.
Kibali kikikatika, mjue nami nahama.