Nyumba ya Thelathini na Moja

Ubao ni kifuniko cha sanduku la chai,
jina la kampuni limekwanguliwa nusu.
Ndahani aliuchora kwa msumari wa moto
mwaka ule baba yao alipoitupa sululu ya reli
akawafuata wenzake kusini, Lupa,
ambako, walisema, dhahabu huokotwa kama karanga.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Sechelela, sita.

Nyumba ya kwanza: Stesheni ya Itigi. Shuka.
Ya nne: vichaka. Umepotea, subiri zamu moja.
Ya tisa: ndorobo. Rudi mbili ukijikuna.
Ya kumi na sita: Mto Rungwa umejaa; uza blanketi uvushwe.
Ya ishirini na mbili: umeokota chembe, ukubwa wa chawa.
Cheza tena!

Dadu hakuna. Punje nne za mahindi,
upande mmoja masizi; kila nyeusi, hatua moja.

Kila aliyerudi akapita stesheni, macho ya njano,
Ndahani alimpa maji, akamdai habari,
na jioni ile msumari ulirudi motoni.
Hivyo ndivyo njia ilivyorefuka.
Hivyo ndivyo alivyofika mtu mmoja wa Manyoni
amevaa kofia waliyoijua.

Nyumba ya thelathini na moja haina maandishi.
Ni tundu. Msumari ulipita hadi upande wa pili.
Ukiangukia hapo huambiwi kitu;
unainuka, unakwenda kuchota maji.

Bibi Sechelela sasa haoni vizuri,
anausoma ubao kwa kidole cha shahada,
na tundu analiruka kabla hajaligusa,
kama mtu aijuaye ngazi iliyovunjika, gizani.

Jana umeme ulikatika, nikamshinda.
Nilifika Lupa! Nikajipigia makofi.
"Umewaletea nini?" akauliza.
Akina nani?
Hakujibu. Akaugeuza ubao.
Nyuma, kwa ncha ya kisu, mkono wa mtoto mdogo,
njia nyingine, kutoka Lupa hadi Itigi,
nyumba zote tupu, zimepindapinda,
na tundu lilelile limetokeza katikati yake.

Akanipa punje, zina joto la kiganja.
"Tupa," alisema. "Zamu yako haijaisha."