Nyumba ya Kioo, Mikindani

Vioo vya dirisha la posta ya zamani
nimeviunga kwa silikoni vikawa nyumba:
chini makumbi ya nazi, juu yake mchanga,
kisha mzizi wa mkorosho, umelala ubavu.

Mmea wangu hautaki maji ya kisima, yana chumvi.
Naukingia mvua kwa ndoo ya rangi.
Saa saba mchana majani yana umande bado,
umande wa gundi.

Kwenye mzizi, kinyonga wa Rondo,
hazidi kidole gumba:
jicho moja kwa jani, jicho moja kwangu.

Inzi huyo.

Bi Nantende kasimama mlangoni:
“Huyu anasubiri kula, yule anasubiri kula.
Na wewe?”

Mnada wa korosho umeahirishwa tena.
Nimenyamaza kama jani.

Kumbe inzi yuko upande wa nje.