Skrubu ya Chini

Ya juu ilitoka bila ubishi,
mizunguko saba, ikadondoka kiganjani
kama jino la utoto.
Ya chini ndiyo iliyonigomea.

Maribor, Februari, saa kumi na moja jioni.
Theluji imegeuka tope kwenye ngazi za jengo letu,
nami nimepiga magoti mbele ya mlango wa bafu,
mwanamke wa miaka sitini na minane,
bisibisi mkononi, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.
Ndani yumo Jaka, mjukuu wangu, miaka minne
(na nusu, hunisahihisha),
aliyezungusha kitasa, kikasema tak,
kisha hakikusema tena.

“Bibi, unafanya nini?”
Naongea na skrubu.
“Inasemaje?”
Inasema hapana.

Kosa ni la Drago, mkwe wangu.
Mwaka ule wa harusi alikifunga kitasa hiki
kwa drili ya umeme, jicho moja kwenye saa,
mechi inakaribia kuanza.
Akakaza, akakaza, akapitiliza,
ule msalaba wa kichwani ukasagika
ukawa kikombe.
Nilimwona. Nikanyamaza.
Mkwe mpya hasahihishwi.
Miaka tisa nimekuwa nikiufuta vumbi
ukimya huo, kila Jumamosi.

Bisibisi inaingia, inazunguka, inateleza,
inazunguka, inateleza,
kama mtu aombaye radhi asiyejua kosa lake.
Kila nikijaribu nazidi kulainisha
palipokwisha kulainika.

Nikaleta mpira mwekundu uliofunga brokoli,
nikautandaza juu ya kikombe,
nikakandamiza kwa uzito wote wa bega.
Ukashika.
Nikashusha pumzi.
Ukakatika.

“Bibi, nina njaa.”
Kuna dawa ya meno hapo.
“Ya stroberi?”
Ya mnanaa.
Kimya kirefu cha mtu anayepima mambo.

Basi nikamwita Hedvika wa ghorofa ya tatu,
aliyefunga na kufungua malori kiwandani
hadi vidole vikapinda vikabaki hivyo.
Alishuka na ndara, na msumeno wa chuma
ameufunga kwenye taulo kama mkate.
Akapapasa kichwa cha skrubu kwa kidole gumba.
“Unaisukuma nini? Haina mdomo tena.
Ipe mwingine.”

Akakata. Polepole, hapohapo kwenye kichwa,
mtaro mmoja kutoka ukingo hadi ukingo,
na bamba la kitasa likapata kovu,
na unga wa chuma ukanyesha kwenye goti langu.
Akaigonga kwa nyundo, mara tatu, si kwa hasira,
ndivyo unavyomgongea mtu aliyelala.
Bisibisi bapa. Kifua changu nyuma ya mkono wake.

Ikalia.
Robo.
Ikalia tena, nusu,
halafu ikaja yenyewe, laini, kana kwamba
ilikuwa ikitusubiri tuulize vizuri.

Bamba likafunguka. Koleo, msokoto mmoja, tak.
Jaka alikuwa amelala kwenye hodhi kavu
juu ya taulo zetu zote,
masharubu meupe ya mnanaa mdomoni.

Saa moja Drago akaja kumchukua.
Nikamwekea skrubu kiganjani.
Akaigeuza chini ya taa: kikombe cha zamani, mtaro mpya.
“Nani aliiharibu hivi?”
Hedvika akaichungulia supu yake.
Wewe, nikasema.
Na mimi, niliyekutazama.

Hakujibu. Alikula sahani mbili.
Kesho yake akaleta skrubu mpya nne,
ingawa matundu ni mawili, na bisibisi ya mkono.

Lakini usiku ule mlango ulibaki na tundu tupu
tulilolijaza soksi ya Jaka,
na kila aliyeingia bafuni ilimbidi aimbe,
tena kwa sauti, ili mwingine asiusukume.
Ndivyo nilivyogundua kwamba Hedvika,
aliyekawia kuondoka,
anajua nyimbo za matusi.