Nyongeza ya Kiapo

Mimi, Nkwimba Masalu, mtu mzima, mkazi wa Igogo,
mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni,
naapa na kusema kama ifuatavyo:

Kwamba walikuja asubuhi, watano, gari moja,
wakabeba mizani, magunia kumi na tisa
na boksi la viatu lililokuwa chini ya kitanda.

Magunia nimeyasamehe. Dagaa hawangoji hukumu.
Walinyeshewa uani kwa maafisa, wakaoza,
na harufu yao, nasikia, iliingia mpaka ofisi ya mkuu
bila kibali.

Nilidai boksi.

Humo mlikuwa na hati ya kiwanja, risiti za ushuru,
na kaunta buku, kwaya tatu, jalada jekundu:
nani kachukua madebe mangapi, nani kalipa nusu.
Na ukurasa wa mwisho, kwa mkono wa marehemu Lushinge:
*Mama Sundi, Bugumba usimkopeshe tena.
Hii aliyonayo inatosha ada ya mtoto.*

Wakili wa Serikali akainuka na pingamizi la awali:
mleta maombi athibitishe kwamba mali ni yake.
Nikasema, uthibitisho umo ndani ya boksi.
Akasema, boksi halifunguliwi
mpaka ithibitike ni la nani.
Mheshimiwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa.
Shauri likaahirishwa.

Likaahirishwa tena.
Dirishani, juu ya jiwe, korongo alisimama kwa mguu mmoja
kama mtu aliyezoea kuambiwa njoo kesho.
Bugumba akanunua injini mpya.
Siku hizi hunisalimia kwa sauti.

Leo wamelirudisha. Amri kurasa tatu, mhuri wa bluu.
Boksi lina jina jipya: Kielelezo Na. 7.
Karani akanisogezea fomu,
kalamu imefungwa kwa uzi mezani isiibiwe:
"Saini hapa, kwamba umepokea vyote, salama."

"Tuhesabu kwanza."

"Mama, kuna foleni."

Foleni ikasema: "Ahesabu."

Nikalowesha kidole, nikaanzia mwisho.
Pale palipokuwa na Lushinge
pamebaki meno ya karatasi kwenye uzi.

Kwamba sikusaini.
Kwamba aliyoyaandika nayakumbuka, neno kwa neno,
na hata alivyoirefusha ile *h* ya *hii*;
lakini kumbukumbu, nimeelezwa na karani kwa upole,
si kielelezo.