Buluu ya Februari

"Usilambe brashi," Machteld aliniambia siku ya kwanza,
"nyeupe hii ni risasi, itakula meno yako."
Kisha akailamba yake.

Ilikuwa Ghent, ghorofani, juu ya duka la mshona glavu.
Nilisugua ngozi ya ndama kwa jiwe la povu
mpaka ikalainika kama nyuma ya sikio la mtoto.
Palipotoboka hatukuziba:
tundu lilikuwa kisima, au dirisha,
na mara moja kinywa cha askofu apigaye miayo.

Dhahabu haitaki vidole. Inataka pumzi.
Chini unapaka gundi ya samaki, chokaa,
udongo mwekundu, sukari kidogo;
inakauka imevimba kama kovu.
Alfajiri, kabla moto haujawashwa,
unaiinamia herufi kama mwenye siri,
unasema *haa*, mara mbili, ya tatu imezidi,
na jani linashika.
Kisha jino la mbwa. Sugua. Sugua
hadi ujione, pua kubwa, ndani ya tumbo la D.

Buluu ilikuja kwa mizani, imetiwa muhuri,
kutoka milima ambayo hata muuzaji hakuijua.
Bwana Van Hessche wa sufu aliilipia yote
iwe joho la Bikira. "Nene," alisema,
"jirani yangu aione akiwa kwenye benchi lake."
Machteld akaitikia kwa kichwa.

Chini akaweka buluu rahisi, ya machimbo ya shaba.
Juu akapitisha ile ya kweli, nyembamba kama ukungu.
Iliyobaki akaificha ndani ya gamba la kome.

Usiku wa mwisho nilimwona kwenye kalenda, Februari:
mjakazi abebaye kuni thelujini,
mdogo kama ukucha.
Akampa yote. Sketi, kilemba, hata kivuli.
"Huyu," alisema bila kugeuka, "ndiye mwenye baridi."

Van Hessche alikipima kitabu kiganjani, akalipa.
Machteld alizikwa baada ya masika matatu,
bila meno ya mbele. Hakuwahi kuandika jina lake popote.

Leo kitabu kimerudi kwangu, jalada limeachia.
Joho la Bikira limeanza kuota kijani mabegani.
Nikafunua Februari, polepole:
bado anapanda kilima na kuni zake,
buluu kali mpaka macho yakanitoka machozi.

"Nani alichora?" akauliza mwanafunzi wangu.
Nilitaka kumjibu.
Brashi nikaikuta kinywani.