Sekunde Thelathini

Juu ya karakana ya makochi, Keko,
ngazi ina vumbi la mbao, chumba kinanuka vanishi,
na sisi tisa tumekalia ndoo zilizogeuzwa,
karatasi magotini: mabaki ya kiwanda cha magazeti,
laini, za kijivu, zisizostahimili kifutio.
Vizuri, asema Mwalimu Mshamu. Leo hakifutwi kitu.

Mkaa tumeuchoma wenyewe:
vijiti vya mpera ndani ya kopo la maziwa,
kifuniko kimeachiwa tundu moja la kupumulia.

Sikudhani anapanda mezani.
Asubuhi huuza mkaa hapo chini, kwa kopo na kwa gunia;
Alhamisi jioni analipwa kwa kusimama.
"Nyepesi kuliko kazi zote nilizofanya," anasema,
"ila hii ndiyo inayonichosha."

Thelathini!
Anainama kama anayefunga mdomo wa gunia.
Naanza na kichwa. Kosa.
Sijafika shingoni, kengele.
Nina yai, na chini ya yai hewa tupu.

Thelathini!
Mkono mmoja juu, mwingine kiunoni.
Kanga yake ina maandishi, nayasoma;
kumbe anayesoma haoni.
Nimeambulia maneno matatu na kisigino.

Mchana mimi huchora mipaka ya viwanja.
Miaka kumi na tisa, wino na rula,
kigingi hadi kigingi, Kigamboni, Mbweni, Goba.
Mstari wangu ukipinda unene wa unywele
ndugu wawili wanafikishana mahakamani.
Mkono huu ni mtumishi wa serikali:
haukufundishwa kukimbia.

Mshamu kasimama nyuma yangu, ananukia tangawizi.
"Bwana Kindamba, mbona unampima?
Hauzwi, huyu.
Usichore mkono, chora kile mkono unachofanya.
Uzito umekaa wapi? Anzia hapo.
Pua mwachie mwenyewe."

Chini, msumeno unaunguruma,
kisha umeme unakatika
na msumeno unaishia katikati ya neno.
Tunaisogeza meza dirishani, kwenye mwanga uliosalia.

Thelathini.
Anajitwisha mzigo usiokuwepo.
Sijui ilikuwaje; bega langu lilijua kabla yangu.
Mkaa ukalala ubavu,
ukatoka kisogoni, ukateremka mgongo, ukazunguka nyonga,
ukagota gotini, pa! ukavunjika.
Nikaendelea na kipande, na kidole, na kiganja.
Kengele ilipolia nilikuwa sijapumua.

Mtu asiye na uso. Asiye na vidole.
Mguu mmoja mweusi kama chungu, wa pili haupo.

Mapumziko. Anapita na chupa yake ya maji
akikagua karatasi tulizotandaza sakafuni.
"Huyu mbuzi." "Huyu mimi, siku ya kudaiwa kodi."
Wanacheka wote, naye anacheka.
Kwangu anachuchumaa, taratibu, akijishikiza meza.
Anagusa pale mkaa ulipovunjika.

"Nani kakwambia?"
"Nini?"
"Goti. La kushoto. Tangu gunia la Vikindu liniangukie."

Sikuambiwa. Wala sikuona, nikisema kweli.
Nilikuwa nakimbizana na kengele.

Ameokota kile kipande, anakigonga kwa ukucha,
anatega sikio kama mnunuzi wa nazi.
"Na huu haujaiva. Mkaa ulioiva hulia kama kigae.
Wiki ijayo nitawaletea wangu. Bei ileile."
Anapanda tena mezani, mguu wa kulia kwanza.
Safari hii sote tunaona: mguu wa kulia kwanza.

Nyumbani nimenawa kwa sabuni ya mche, maji mawili, matatu.
Saa mbili asubuhi niko ofisini, ramani ya Goba mezani,
rula imelala, wino umejaa,
na pembeni, karibu na kigingi, kwenye kiwanja cha watu,
kuna alama ya dole gumba.
Naipuliza.
Haitoki.