Shika Huko

Nilitoka saa saba kununua muhogo wa kukaanga,
basi.
Kitambulisho cha kazi kikining'inia kifuani.
Na barabara niliyoizoea haikuwepo:
mahali pake palikuwa na watu.

Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na nne huu.
Jina langu ni kabati: "Muulize Ndahani, kabati la tatu."
Sijawahi kuandamana. Hata siku ya harusi
wakiifuata tarumbeta barabarani
mimi hupita uchochoroni, nikawatangulia ukumbini.

Walitoka Mpunguzi, Nala, Ihumwa,
wengine usiku, kwa miguu,
vumbi limewapaka rangi moja, ya tofali bichi.
Hapakuwa na kelele nilizozidhania.
Ndala tu. Maelfu ya ndala zikipiga lami,
kama mtu anayepepeta karanga
nyuma ya ukuta, humwoni.

Kisha nikaanza kuwasoma.
Yule mwenye koti la suti na kaptula: jalada 0417, "barua imepokelewa."
Yule mjamzito: jalada la mkwewe, marehemu, kurasa sita.
Yule kipofu anayeongozwa na mjukuu: 1163,
lilipotea, likapatikana, likapotea.
Nilizijua sahihi zao, alama za vidole,
mwandiko wa watoto waliowaandikia.
Nyuso, la. Dirisha letu liko juu
na tundu lake linapitisha mkono tu.

Nikakivua kitambulisho, nikakitia mfukoni.
Si ushujaa. Ni aibu.
Wala si aibu; kuna kitu kati ya hivyo viwili
ambacho ofisi yetu haijakitolea fomu.

Upepo wa Agosti mnaujua, haupigi hodi.
Ulitokea upande wa reli, ukalikumba shuka jeupe
walilolichora usiku kwa rangi nyekundu,
na kijana aliyeshika ncha ya kushoto akaiachia
afikiche macho.
Shuka likaruka, likafurukuta kama kuku wa kuchinjwa,
na mama wa ncha ya kulia anavutwa nalo.
Akageuka. Akaniona nimesimama mikono mitupu.
"Baba we, shika huko!"

Nikashika.

Ndiyo hivyo. Sikuwaza haki, wala mkuu wa idara.
Niliwaza: lisichanike.

Alikuwa Sechelela Mlewa,
0932, zabibu, ekari mbili na robo,
fidia "inashughulikiwa" tangu mwanangu akiwa chekechea,
na sasa mwanangu ananyoa ndevu.
Sikumwambia kuwa namjua.
Alinifundisha kuviringisha ncha kwenye ngumi.
Akauliza, "Na wewe shamba lako liko wapi?"
Nikajibu, "Kabati la tatu."
Akatikisa kichwa kwa huruma; alidhani ni kijiji.

Kule kwenye mzunguko ngao zilikuwa zimepangwa.
Magoti yangu yakawa ya mtu mwingine.
Neno likapita kutoka mbele, mdomo kwa mdomo: kaeni.
Tukakaa. Nilikalia lami ya moto
kwa suruali niliyoipiga pasi alfajiri.
Mtu akapitisha karanga za kuchemsha kwenye kofia,
kila mmoja akachukua tatu, nne,
hakuna aliyehesabu, na zikatosha hadi nyuma.

Saa kumi, mtu mwenye tai akaja kupokea barua.
Akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote.
Watu wakapiga vigelegele.
Mimi nilinyamaza. Nilijua inakokwenda.

Asubuhi ilikuwa mezani kwangu.
Nikachukua muhuri: IMEPOKELEWA.
Chini yake, bila kukusudia,
au kwa kukusudia, msiniulize,
dole gumba, jekundu;
rangi ile haitoki kwa sabuni ya mche.

Jalada sijalirudisha.
Lipo hapa mezani, dirisha nimeliacha wazi,
upepo unalifunua ukurasa mmoja mmoja,
nami sijaliwekea jiwe.